Abiria Hewa

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili iwe ya wiki tatu nilizokaa bila kuandika, usije ukasema mtoto wa kaka yako ameitupa adabu mjini. Sisi huku hatujambo. Dada amejifungua salama, mtoto wa kiume, kichwa kikubwa kama changu, maskini. Shemeji anatembea mtaani kifua mbele utadhani yeye ndiye aliyezaa. Mimi nimehamishwa kutoka chumba cha nyuma, sasa nalala sebuleni na nepi zinaning'inia juu yangu.

Sasa kaa vizuri. Nimepata kazi serikalini. Usicheke. Ndiyo, mimi, niliyeishia kidato cha pili, niliyeambiwa na mwalimu wa hesabu kwamba hata vidole vyangu siijui idadi yake. Naitwa Karani wa Takwimu za Usafiri. Nina fulana ya njano, nina kitambulisho chenye picha (nimetoka vizuri), na kalamu yangu imefungwa kwa kamba kwenye ubao isiibiwe. Yaani hata kalamu yangu ina ulinzi. Wewe unao?

Kazi yenyewe ni hii. Lile basi kubwa la serikali, la majaribio, linalolala hapo kwenu na kuja mjini asubuhi, likifika huku hupumzika kidogo, halafu saa sita mchana linarudi. Mimi nakaa kituo cha kwanza, juu ya kreti la soda, nahesabu wanaopanda. Kila mtu na mstari wake kwenye fomu: mwanamume au mwanamke, umri wa kukadiria, mzigo, aendako. Basi. Jina hawataki, sura hawataki.

Na si kazi ya mchezo. Mwaka huu fungu la pesa za barabara yetu ni moja na wanaolitaka ni wawili. Kuna wanaotaka lote limwagwe kwenye lami, mashimo yazibwe mwanzo hadi mwisho. Kuna wanaotaka linunue mabasi mengine kama hilo, yapite kila saa. Kamati imesema: wahesabiwe abiria. Wakifika hamsini kwa siku mpaka mwisho wa Aprili, mabasi yameshinda. Wakipungua, basi linaondolewa na lami imeshinda. Kwa hiyo, Shangazi, wakubwa wote wanaisubiri kalamu yangu, na mimi nawasubirisha.

Barua hii nampa dereva. Anasema yeye si tarishi. Nikamwambia awe basi Mheshimiwa Tarishi. Akacheka, akaichukua.

Mguu vipi? Umeacha kuudekeza?

Mwanao mwenye cheo.


11 Februari

Mwanangu Karani,

Marahaba, zote mbili. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza, maana kusimama siku hizi ni mpaka nijipange. Mpe dada yako hongera. Mwambie kichwa kikubwa hakiui, ila kina gharama ya kofia.

Umeandika "takwimu" vizuri ndani ya barua, na juu ya bahasha umeandika "takiwmu". Nimekusahihishia kwa kalamu nyekundu, nimeitunza, ukija nitakuonyesha.

Umeniuliza mguu. Kidonda hakifungi. Nasafishwa pale hospitali ya njia panda, Jumanne na Ijumaa. Daktari kasema bila kukosa. Nilishakosa sana wakati ule nilipokuwa nabebwa na pikipiki, kwa sababu shimo lile la karibu na kinu lilituangusha mara mbili, na mara ya tatu vijana wa pikipiki wakawa wakiniona wanajifanya wana haraka. Daktari alisema nikikosa tena wiki mbili tatu, atakata chini ya goti. Alisema kama mtu anayekwambia kesho kutakuwa na mawingu.

Basi lina ngazi fupi. Napanda mwenyewe, nakaa kiti cha tatu dirishani, nafika, nashuka. Kwa hiyo unapoandika habari za hamsini na upungufu wa hamsini, ujue unaandika habari za mguu wangu.

Lakini nikuulize, msomi. Basi bila barabara si kabati lenye matairi? Hawakuweza kuligawa hilo fungu?

Hujaja tangu mwaka juzi. Sikuulizi kwa nini.

Shangazi yako.


2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua imekukuta umekaa. Mtoto wa dada amepata jino, au ni pele, wanabishana. Shemeji ameanza kufuga ndevu ili aonekane baba.

Fungu haligawanyiki, nimemuuliza bosi wangu. Tunamwita Bi Takwimu, anatembea na rula mkononi kama mtu atakayeipima dunia. Kasema: "Fungu likigawanywa halitoshi popote, ndiyo maana hupewa mmoja akose mwenzake." Nikasema sawa mama, ingawa sikuelewa. Kuhusu kabati lenye matairi: na barabara bila basi je? Wewe una gari? Utatembea juu ya lami laini kwa mguu huo? Umenyamaza. Nimeshinda.

Sasa soma hii halafu uchane karatasi. Abiria hawafiki hamsini. Hawafiki hata thelathini. Siku nyingi ni ishirini na wawili, na mmoja wao ni mwendawazimu anayepanda kuuliza kama linakwenda baharini. Nikakaa juu ya kreti nikafikiri. Kichwa hiki ni kikubwa bure? Nikasema: kama kuna wafanyakazi hewa wanaokula mshahara na hawaonekani kazini, kwa nini kusiwe na abiria hewa? Tena hawa wangu hawali chochote. Wanakaa tu.

Nimetunga thelathini. Kila siku nawapandisha wale wale, kwa sababu kutunga nako ni kazi. Sikiliza ufundi: Mwanamke, arobaini, beseni la bluu, mwisho wa njia. Mwanamume, sabini, mwavuli, mwisho wa njia. Mtoto wa kike, tisa, kuku mmoja, mwisho wa njia. Yule mtoto nampenda. Kuku sijaamua kama ni jogoo.

Wote nimewapeleka mwisho wa njia, maana nikianza kuwagawia vituo nitachanganyikiwa. Ipo safu ya WALIOSHUKA, lakini hiyo ni ya karani wa upande wa kwenu, na huyo bado hajaajiriwa. Kwa hiyo mimi napandisha tu. Kushuka hakunihusu.

Basi lako haliondoki, Shangazi. Usiniambie ahsante, nitavimba.

Mwanao, fundi wa kalamu.


14 Machi

We mtoto,

Marahaba. Karatasi sijaichana, karatasi ni kuwashia moto. Sasa nisikilize, na uache kucheka kwanza.

Ijumaa ya leo nilifika kituoni wa kwanza. Basi lililala hapa hapa, kama kawaida, mlango umefungwa, dereva alikuwa bado anapiga mswaki. Alipolifungua nikapanda, na ndani walikuwa wamekaa watu.

Nikasema labda wamesafiri jana wakapitiwa na usingizi. Nikawaamkia. Hawakuitika. Nikatafuta kiti. Kiti cha pili alikuwa mwanamke, ana beseni la bluu magotini, jipya, halina kitu. Nyuma yake mzee na mwavuli. Nikamwuliza dereva, "Hawa wa wapi?" Akasema, "Hawa akina nani, mama?" Nikakaa zangu. Ukishakuwa na mguu kama wangu, hutaki waanze kukuchunguza na kichwa.

Vituo vya mbele watu wakapanda. Lakini hawakai, mwanangu. Wanasimama na viti viko wazi, kwa macho yao. Nilimwuliza jirani yangu wa nyumba ya pili, "Mbona umesimama?" Akasema, "Acha tu, nimekaa sana." Na dereva analalamika kwamba basi linakwenda tupu lakini limeinama, springi zimelala, mafuta yanaisha kabla ya kilima.

Nikamwangalia yule mwanamke wa beseni usoni. Nilimwangalia hasa, kama ninavyomwangalia mtu anayeniuzia nyanya. Niliposhuka hospitali sikukumbuka ana uso gani. Mzee vilevile. Mwavuli naukumbuka mpaka mpini. Uso, hakuna.

Yule mtoto naye yupo. Ni jogoo.

Labda nawaona kwa sababu uliniambia. Uliwatoa wapi hawa? Ni watu uliowahi kuwaona?

Shangazi.


29 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole na mguu, na pole na miwani, maana naona sasa tatizo limepanda juu. Dada anakusalimu. Pele lilikuwa jino.

Sikuwatoa popote. Niliwatoa kichwani huku natafuna karanga. Wewe ulisoma barua yangu, ukapanda basi na barua kichwani, ukaona beseni. Mimi pia nikila sana naota nakula. Wenye mabeseni ya bluu ni wangapi katika barabara hii? Tuache hayo.

Habari ya kweli ni kwamba nimepandishwa. Sasa nina kiti chenye mgongo! Fomu zangu ndizo safi kuliko zote, hazina mkwaruzo. Hamsini na mbili kila siku, jua liwake mvua inyeshe. Wale mafundi wa viraka wanaopika lami ng'ambo ya kituo wananitazama kwa jicho la husuda. Kiongozi wao aliniambia, "Kijana, mbona basi lako likiondoka naona vichwa vichache hivyo?" Nikamwambia, "Mzee, wewe zoea kutazama chini, huko kwenye mashimo." Walicheka mpaka wenzake.

Tena nimekufanyia jambo, na hili nataka unishukuru. Jumanne iliyopita mvua ilikata barabara, basi halikuja wala halikurudi. Nikajua umekosa hospitali. Nilikaa pale kituoni peke yangu, maji yanapita chini ya kiti, fomu tupu mkononi. Roho ikaniuma kidogo, kidogo sana, usijitutumue. Nikaandika: Mwanamke, sitini na mbili, fimbo, hospitali. Nikakupandisha. Nikasema angalau kwenye karatasi uwe umefika.

Na tangu siku hiyo nakuandika kila siku pamoja na wenzako. Wewe ndiye abiria wangu wa thelathini na moja.

Nitakuja nikipata nafasi. Kazi imenibana, unajua cheo.

Mwanao.


16 Aprili

Mwanangu,

Sikuandika kwa sababu nilikuwa nangoja hasira ipoe. Haikupoa, kwa hiyo naandika nayo.

Ijumaa ya kwanza baada ya ile mvua nilipanda, na kiti changu cha tatu dirishani kilikuwa na mtu. Mgongo wa mtu mzima, fimbo kati ya magoti. Nilikaa nyuma yake. Sikutaka kuona mbele. Tulipofika njia panda nikashuka polepole, ninavyoshuka, na yeye hakushuka. Naapa hakushuka, niliangalia. Nikafika dirisha la nesi, nikatoa kadi. Nesi akaangalia daftari, akaangalia kadi, akacheka kwa upole. "Mama, si umetoka hapa sasa hivi? Nimekufunga bandeji mwenyewe."

Nikamwonyesha bandeji yangu, ya Ijumaa nyingine kabla ya mvua, imegeuka rangi. Akasema labda nimeichafua njiani. Kadi yangu, mwanangu, niliyokuja nayo kwenye mkoba, ilikuwa imeshagongwa muhuri wa siku ile. Dawa zenyewe ni za kuhesabu, kila mgonjwa na fungu lake, haoshwi mtu mara mbili.

Jumanne iliyofuata hivyo hivyo. Ijumaa hivyo hivyo. Jirani zangu wananinunia, wanasema wananipungia mkono nikiwa dirishani na siitikii. Jana pia nilikwenda, nikarudishwa. Wiki tatu sasa hakijaguswa. Najiosha kwa maji ya chumvi. Kinanuka, naona watu wanavyogeuza pua kisha wanajitia wanatazama pembeni. Daktari ananiita Jumanne ya tarehe ishirini na tisa. Unajua anachoniitia.

Yule mwanamke uliyemwandika, mguu wake utapona vizuri sana.

Nishushe.

Shangazi yako.


26 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina utani, au ninao kidogo tu wa kujishikilia.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nikachukua fomu nianze kufuta. Bi Takwimu akanishika mkono kwa rula yake. "Mtu aliyepanda hafutwi," kasema. "Fomu yenye mkwaruzo hairudi kwenye kamati. Aliyepanda hushuka." Nikamwambia ukweli, Shangazi. Nikamwambia wote ni hewa. Akasema, "Kamati imekaa juzi, haikungoja mwisho wa mwezi. Mabasi yamepata fungu. Hakuna mtu anayetaka kujua hilo unaloniambia." Akaondoka, lakini kabla ya kuondoka alinipa fomu mpya na kidole chake kikagusa ile safu ya WALIOSHUKA. Naona na yeye anajua mambo.

Saa tano na nusu basi likafika. Watu wa kweli wakashuka, likabaki tupu. Tupu kwa macho yangu pia, mpaka nilipoinama. Springi zilikuwa zimelala kabisa. Dereva akasema, "Umeona? Nilikwambia nini?" Nikakaa kwenye ngazi ya kituo nikaanza kuandika. Mwanamke, arobaini, beseni la bluu: ameshuka, mwisho wa njia. Maana mwisho wa njia una pande mbili, huku nako ni mwisho.

Basi likanyanyuka kidogo.

Nikaandika mzee. Likanyanyuka. Kitu kikapita karibu na bega langu, kama mtu anayesema samahani bila kusema. Niliandika thelathini, mmoja mmoja, jua la utosi, mafundi wa lami wanatazama, dereva amekaa kofia mkononi. Unyoya mmoja wa jogoo ulibaki kwenye ngazi. Sijui wamekwenda wapi. Najua tu kwamba tangu siku ile kituo chetu kina watu wengi, na jioni nikijaribu kukumbuka nimewaona akina nani, siwezi.

Basi likawa limenyanyuka lote isipokuwa upande mmoja. Kiti cha tatu, dirishani.

Nikaandika ameshuka. Halikusogea. Nikaandika tena. Nikafikiri, nikaelewa: yeye sikumwandikia mwisho wa njia. Nilimwandikia hospitali. Kila mtu hushukia anakokwenda. Lazima mtu apande, akae naye, amshushe pale pale langoni, ndipo njia yako ifunguke.

Nilimwona, Shangazi. Kwa dirisha. Fimbo, na mgongo wako. Nilitaka kutazama mguu nikashindwa.

Unajua mimi nilivyo. Mama alipougua nilikaa nyuma ya tangi la maji siku nne, na wewe ndiye uliyeniletea chakula kule na hukumwambia mtu. Watu walidhani nacheza.

Jumatatu saa sita nitapanda basi. Nitalala nalo huko, na Jumanne asubuhi dereva akifungua mlango wa basi utanikuta. Tutakwenda wote. Usikose.

Mwanao.


4 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mbona kimya? Nimemwuliza dereva kila siku, anasema hana barua. Anasema unapanda, unashuka, humwambii kitu.

Jumanne ilikwendaje? Nesi alikupokea? Yule alishuka? Daktari alisema nini? Niandikie hata neno moja, hata uandike tu mguu upo.

Nakwambia ukweli, ingawa umeshaujua. Sikuja. Jumatatu nilifika mpaka mlangoni, nimevaa shati safi, nimekununulia sabuni ile ya maua. Nilikanyaga ngazi kwa mguu mmoja. Harufu ya dawa ikanijia, sijui ilitoka wapi, basi lilikuwa limeoshwa. Mguu wa pili ukakataa. Dereva akapiga honi mara mbili. Nikarudi kwenye kiti chenye mgongo nikakaa.

Halafu nikaandika. Nisamehe. Niliandika: Mwanamume, kumi na tisa, mzigo hana, anampeleka shangazi yake hospitali. Basi likaondoka limeinama kidogo zaidi.

Sijamwandika kushuka. Sikujua nimwandike wapi.

Mwanao.


18 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mguu upo.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikujua namwandikia nani. Sasa nitakueleza yote, na wewe usome ukiwa umekaa.

Jumanne ile dereva alipofungua mlango alikuwepo. Shati safi. Amekaa karibu na yule mwingine, kiti cha tatu. Nilifurahi, sitakuficha. Nilianza kukusema vibaya palepale, kwa furaha, nikauliza habari za mtoto, za jino, za cheo. Hakujibu. Nikasema labda ana aibu. Tulipofika njia panda alisimama, akamshika yule mkono, akamshusha ngazi moja, ya pili, mpaka langoni. Sikuona alikokwenda. Kulikuwa na fimbo imeegemea ukuta, halafu haikuwepo. Kisha akanirudia mimi.

Nesi alinipokea kama mtu aliyeniona mara ya mwisho mwezi mzima uliopita. Alipoondoa bandeji alifunga macho kidogo. Mkono ule ulinishika bega muda wote, na haukutetemeka. Daktari akaja, akabonyeza, akanusa, akasema tungoje wiki mbili. Tumengoja. Juzi Ijumaa kasema hakati. Nyama mpya imeanza, nyekundu kama ufizi wa mtoto. Kwa hiyo umeniponya mguu, ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Hilo nalisema mara moja tu.

Barabara bado ni mbovu. Basi limepata fungu, linapita kwenye mashimo na kiti kipya cha ngozi. Wameahidi lami mwaka ujao. Nimewasikia.

Sasa habari ya huyu. Kila Jumanne, kila Ijumaa, yupo. Ana adabu. Hajisifu, hanitanii, haniiti mdekaji. Ananipandisha, ananishusha. Mzigo hawezi, kama ulivyoandika: nilimpa kikapu anishikie kikapita mikononi mwake, vitunguu vikatawanyika kituoni. Wiki iliyopita alianza kushuka na mimi huku nyumbani. Hakuna aliyemwandikia pa kushukia, basi ananifuata mimi. Sasa hivi naandika, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nimempa chai. Imepoa hivyo hivyo.

Juzi nilimtazama usoni kwa muda mrefu, kwa mchana mweupe. Niligeuka kuweka sufuria, na uso ukanitoka. Mimi, mwanangu. Mimi niliyeuosha uso huo tangu una siku tatu. Nikasema basi nitakumbuka ule wa kwako wa kweli, ule wa siku uliyoondoka. Nikafumba macho. Nikautafuta. Nikampata huyu wa kigodani, amenigeuzia kisogo.

Kidonda hakina harufu tena. Hata ukiogopa, ukija hakuna cha kuogopa. Na kama kipo, tutakiogopa wawili, tumezoea.

Njoo na uongo wako wote, na kichwa chako, na mdomo wako usiopumzika. Panda mwenyewe, kwa miguu yako yote miwili. Huyu hanisumbui, anakaa vizuri, nimeanza kumwekea sahani bila kufikiri, na jana nilimwita mwanangu.

Njoo kabla sijamzoea.

Shangazi yako.